Kisawazisha Sauti Nyumbani: Je, Sikio Linakihitaji?

Redio nyingi za kisasa, televisheni na simu za mkononi huja na kisawazisha sauti, yaani ile safu ya vitelezi ambayo mafundi huiita ikwalaiza. Vitelezi vya kushoto huongoza besi, vya kulia huongoza sauti nyembamba za juu, na vya katikati huongoza eneo ambamo sauti ya mwimbaji hukaa. Wapo wapenzi wa muziki wanaoamini kwamba kukigusa kifaa hicho ni kuiharibu kazi ya msanii. Wapo wengine wasioweza kusikiliza wimbo hata mmoja kabla ya kuvipanga vitelezi katika umbo la tabasamu, pembe mbili juu na katikati chini. Mabishano yao huendeshwa kana kwamba ni suala la ladha tu, ilhali kwa sehemu kubwa ni suala la sikio.

Kazi ya mwanzo ya kifaa hiki haikuwa ya muziki, bali ya simu. Nyaya ndefu za simu zilipunguza sauti za juu kuliko za chini, hivyo wahandisi waliunda saketi za kurudisha kilichopotea njiani ili sauti ya mwisho wa waya ilingane na ile ya mwanzo. Ndiyo maana kikaitwa kisawazisha. Basi swali la kujiuliza kabla ya kukigusa ni hili: kati ya chumba, spika, rekodi na sikio, ni wapi usawa umepotea?

Sikio lenyewe, hata likiwa zima kabisa, halipokei sauti zote kwa usawa. Mwaka 1933, Harvey Fletcher na Wilden Munson wa maabara za Bell nchini Marekani walichapisha michoro iliyoonyesha ni nguvu kiasi gani inayohitajika ili mitetemo ya viwango mbalimbali isikike kwa ukubwa uleule. Michoro ya aina hiyo imerekebishwa mara kadhaa tangu wakati huo, lakini fundisho lake limebaki. Sikio ni jepesi zaidi kati ya mitetemo 2,000 na 5,000 kwa sekunde, yaani hezi 2,000 hadi 5,000, kwa sababu mfereji wa sikio hukuza sauti za eneo hilo. Kwa besi, sikio ni zito. Sauti ya hezi 1,000 ikiwa na nguvu ya desibeli 40, ile ya hezi 100 huhitaji zaidi ya desibeli 60 ili isikike sawa nayo. Tofauti hiyo hupungua kadiri sauti inavyoongezwa.

Hapa ndipo kisawazisha kinapoweza kuwa rafiki wa afya. Mtu anayesikiliza muziki kwa sauti ya chini usiku huona wimbo umekonda, besi imetoweka, naye hukimbilia kuongeza sauti yote. Angeongeza besi peke yake kwa desibeli chache, wimbo ungejaa tena bila kuyachosha masikio. Jirani wa upande wa pili wa ukuta huenda akawa na maoni tofauti, kwani besi ndiyo hupenya kuta kwa urahisi zaidi.

Chumba nacho kina neno lake. Katika sebule yenye kuta za saruji zilizoachana mita tatu na nusu, mawimbi ya takriban hezi 50 hugonga ukuta na kurudi yakikutana na yale yanayokuja, hata besi ikavuma kupita kiasi karibu na ukuta na kufifia katikati ya chumba. Mvumo huo unaweza kupunguzwa kwa kushusha kitelezi cha besi. Lakini pale besi ilipofifia, kuongeza kitelezi hakusaidii sana: kadiri nguvu inavyoongezwa, ndivyo mawimbi yanavyozidi kufutana. Kusogeza kiti au kuitoa spika kwenye kona ya chumba hufanya kazi ambayo kitelezi hakiiwezi, tena bila gharama.

Rekodi za zamani zina mpaka wa namna nyingine. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, mitambo ya wakati huo haikuhifadhi mitetemo ya juu sana. Anayesikiliza nyimbo hizo leo na kupandisha vitelezi vya kulia haipati sauti ya mwimbaji iliyo angavu zaidi. Anapata mchakato wa sindano ulioongezwa nguvu.

Lililo zito zaidi linahusu umri. Ndani ya koklea, kiungo chenye umbo la nyumba ya konokono, zimo seli zenye vinyweleo zinazogeuza mitetemo kuwa ishara za neva. Zikifa, mwili wa mwanadamu hauzioteshi tena. Uzee huanza kwa kuzipunguza zile zinazopokea sauti za juu, na kelele kubwa za miaka mingi huharibu kwanza eneo la hezi 3,000 hadi 6,000. Upotevu huo huja polepole, hivyo mhusika haoni kwamba anasikia vibaya. Huona kwamba spika zimechakaa, kwamba waimbaji wa siku hizi hawatamki maneno, kwamba “fika” na “shika” hazitofautiani. Hupandisha vitelezi vya kulia kidogo mwaka huu na kidogo mwaka ujao, huku wengine nyumbani wakilalamika kwamba sauti inachoma. Katika hali hiyo kisawazisha kimekuwa pazia linaloficha ugonjwa.

Wala hakiwezi kuwa tiba yake. Sikio lililoumia mara nyingi halisikii sauti ndogo, lakini sauti kubwa huliudhi kama sikio lolote, pengine zaidi. Kitelezi huongeza ndogo na kubwa kwa kiasi kilekile. Kifaa cha kusaidia kusikia huongeza zaidi zile ndogo na kuzibana zile kubwa, na hurekebishwa kwa kila sikio peke yake kulingana na vipimo vya mgonjwa.

Kuna pia hesabu ya muda. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki kwa sauti ya desibeli 80, na kila nyongeza ya desibeli 3 hupunguza muda huo kwa nusu. Kwa hiyo kijana anayevaa spika za masikioni na kupandisha vitelezi vyote kwa desibeli 6 anabakiwa na saa 10, hata kama kitufe kikuu cha sauti hakukigusa. Aidha, nyimbo nyingi za sasa hutoka studio zikiwa zimeshafika kikomo cha nguvu. Kuongeza juu ya hapo hukata vilele vya mawimbi na kuleta mkwaruzo.

Kwa sababu hizo, ni heri kushusha kilichozidi kuliko kupandisha kilichopungua. Desibeli mbili au tatu hutosha mara nyingi. Anayelinganisha sauti iliyorekebishwa na ile ya asili azifanye kwanza ziwe na ukubwa sawa, kwa maana sikio hudanganyika kwa urahisi: iliyozidi kidogo huonekana nzuri zaidi.

Anayejikuta akihitaji sauti za juu kuliko wenzake wote nyumbani anapaswa kupimwa usikivu. Kipimo cha kawaida hakina maumivu, na huonyesha kwa kila sikio kiwango cha chini kinachosikika, kwa kawaida kati ya hezi 250 na 8,000. Wakati mwingine kinachogunduliwa ni nta tu, ambayo haifai kuchokolewa kwa pamba au kijiti. Sikio moja likififia ghafla, ndani ya saa chache au siku mbili tatu, hiyo ni dharura: mgonjwa amwone daktari siku hiyohiyo, kwani dawa zina nafasi kubwa ya kusaidia zikianzishwa mapema.