Lita Moja ya Haibridi Inafika Wapi?

Jirani yangu wa Bamburi, Mombasa, dereva wa teksi za kuitwa kwa simu, alinunua Toyota Axio haibridi kwa akiba ya miaka mitatu. Muuzaji wa yadi alikuwa amemwapia kwamba gari hilo linakwenda kilomita 33 kwa lita. Baada ya mwezi alinijia jioni, mkononi ana fungu la risiti za petroli. "Ndugu yangu, nimeuziwa gari gonjwa," akasema. "Tangu nilinunue, hata 20 sidhani kama nimeivuka." Nikachomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari, nikaangalia betri, plagi na breki. Gari lilikuwa zima. Nilimwambia hivyo, na nikamwona usoni kwamba hakuniamini. Haya ninayoyaandika ni jibu langu kamili kwake, na kwa kila anayepiga hesabu ya marejesho ya mkopo kwa kutegemea tarakimu aliyopewa yadi.

Muuzaji hakuitunga ile 33. Ni tarakimu rasmi ya Japani: Axio haibridi ilipoingia sokoni huko Agosti 2013, ilitangazwa kuwa inakwenda kilomita 33.0 kwa lita kwa kipimo kiitwacho JC08. Ila ni wachache wanaouliza JC08 ni safari ya namna gani. Kwanza, gari halitoki nje. Linafungwa ndani ya maabara, magurudumu yake yakizunguka juu ya mapipa ya chuma, na dereva anafuata mstari kwenye skrini kwa dakika 20 na sekunde 4. Katika muda huo huhesabiwa kuwa limekwenda kilomita 8 na ushei. Mwendo wa wastani ni kilomita 24 kwa saa. Mwendo wa juu kabisa haufiki 82, nao huguswa kwa muda mfupi tu. Kiyoyozi kimezimwa. Robo tu ya hesabu hutokana na injini iliyowashwa ikiwa baridi. Robo tatu ni ya injini iliyokwisha kupata moto. Hakuna kilima, hakuna upepo wa mbele, hakuna abiria watatu na mizigo yao kwenye buti.

Gari lolote hupendezeshwa na mtihani kama huo, lakini haibridi hupendezeshwa zaidi. Tazama Prius ya kizazi cha nne, gari lenye mtambo wa ukoo mmoja na wa Axio. Kwa JC08, nyingi katika hizo zilitangazwa kwa kilomita 37.2 kwa lita. Japani ilipohamia kwenye kipimo kipya cha WLTC, chenye safari ndefu na mwendo wa kasi kidogo, Prius hiyohiyo ikashuka hadi karibu 31. Vuka bahari uende Marekani. Kule EPA, wakala wa serikali wa kulinda mazingira, huongeza katika hesabu mwendo wa kufikia kilomita 129 kwa saa, joto la nyuzi 35 kiyoyozi kikiwa kimewashwa, na baridi ya nyuzi 7 chini ya sifuri. Prius ya mwaka 2016 ilipewa maili 52 kwa galoni, yaani kilomita 22 kwa lita. Gari moja, tarakimu tatu, na hakuna aliyedanganya. Kila maabara ilijibu swali lake.

Ndiyo maana mtu akiniletea tarakimu ya JC08 ya haibridi, mimi huikata kwa asilimia 35 hadi 40 kabla ya kuanza mazungumzo. Ile 33 ya jirani yangu inabaki kati ya 20 na 21. Na hapo bado sijamuuliza anaendesha wapi.

Kuuliza anaendesha wapi ndiko kwenye mambo, na ili uone kwa nini, lazima ujue haibridi huokoa mafuta mahali gani. Nishati yote ya Axio hutoka kwenye petroli unayonunua. Hakuna mahali pa kuichomeka ukutani. Betri yake ni kibubu tu. Unapokanyaga breki, mota hugeuka jenereta na kurudisha kwenye kibubu sehemu ya nguvu ambayo katika gari la kawaida ingepotea kama joto kwenye pedi za breki. Unaposimama, injini huzimika. Unapoondoka taratibu, mota hukusukuma peke yake, na injini haiwaki mpaka kuwe na kazi inayoistahili. Injini yenyewe imeundwa kwa mtindo wa Atkinson, unaobana kila tone la petroli lakini una nguvu chache mwendo ukiwa mdogo. Upungufu huo mota huufidia. Kwa hiyo faida ya haibridi iko kwenye kusimama, kupunguza mwendo na kuondoka. Pasipo hayo matatu, kibubu hakina cha kuweka.

Nenda Likoni saa 11 jioni ukaitazame foleni ya feri. Gari la kawaida linanguruma pale, linachoma mafuta bila kusogea hata mita moja. Axio haibridi iko kimya. Feri ikipakia, foleni inasogea hatua 20, mota inalivuta gari bila injini kuwaka, kisha kimya tena. Hapa haibridi inalipa deni lake, na sijaona gari la petroli tupu la ukubwa huo linaloweza kuifuata.

Lakini hapohapo Likoni nimeona madereva wakijiharibia kwa mikono yao. Betri ya Axio hii ina volti 144 na uwezo wa saa za ampea 6.5, kwa hiyo ikijaa kabisa haifiki hata uniti moja ya umeme kama zile tunazonunua kwa ajili ya nyumba. Kompyuta hairuhusu itumike yote, ili isizeeke upesi. Unachoweza kutumia ni chini ya nusu. Kiyoyozi kikivuta kilowati moja katika joto la Februari, akiba hiyo haimalizi nusu saa. Ndipo injini huwaka yenyewe, ikachaji kwa dakika chache, ikazima. Huo si ubovu. Ubovu anauleta dereva anayeweka gia kwenye N ili kupumzisha gari. Ukiwa kwenye N, injini haiwezi kuichaji betri kubwa hata kama inanguruma, na kiyoyozi kinaendelea kunyonya. Ukisimama, acha gia kwenye D ukanyage breki, au weka P. Kwenye foleni kamwe usiweke N.

Sasa chukua gari hilohilo upande nalo kutoka Mombasa hadi Nairobi. Ni kama kilomita 480, na mwisho wake uko mita 1,700 hivi juu ya ulipoanzia. Gari na abiria wake likiwa na tani 1.4, kulinyanyua tu kufika kimo hicho, bila kuhesabu upepo wala matairi, kunahitaji takriban lita mbili za petroli. Lita hizo mbili hazimo katika karatasi yoyote ya Japani. Ukirudi Mombasa utafidiwa kiasi, na ndiyo sababu anayejisifia mafuta aliyotumia kushuka kutoka Nairobi hajapima kitu. Pima kwenda na kurudi.

Kilima hata hivyo si adui mkubwa. Adui ni mguu wa kulia. Upepo hulizuia gari kwa nguvu inayokua kwa mraba wa mwendo: ukitoka 80 ukaenda 110 kwa saa, kizuizi hicho kinakaribia kuwa mara mbili. Na njia ya Voi, Mtito Andei, Kibwezi, unapokwenda mfululizo, haina breki za maana. Kibubu hakipati kitu, injini inafanya kazi yote, na mota na betri vinakuwa mzigo unaosafirishwa. Kwa mwendo huo Axio ya kawaida huisogelea haibridi mpaka pengo likapungua sana. Hata vipimo vya Wamarekani vinaonyesha tabia hii. Ile Prius ya 2016 ilipata maili 54 kwa galoni mjini na 50 barabara kuu, ilhali magari ya kawaida hufanya kinyume, yakila mafuta mengi mjini na machache safarini.

Na mteremko je? Watu huniambia, "Nikishuka mlima betri inajaa, nasafiri bure." Fanya hesabu. Gari la tani 1.4 likishuka mita 500 za kimo linaachia nishati ya uniti 1.9 hivi. Kibubu, nimekwisha kusema, hakifiki uniti moja kikijaa, na nafasi inayotumika ni chini ya nusu ya hiyo. Kitajaa kabla hujafika nusu ya mteremko, na kinachobaki kitaishia kwenye pedi za breki. Hapo ndipo pa kutumia ile gia ya B ambayo wengi hawajui kazi yake: inaifanya injini ilishikilie gari ili breki zisichemke. Ni ya mteremko mrefu. Ukiitumia mjini kila siku ukidhani inachaji zaidi, unajipotezea mafuta.

Nisionekane kama ninawalaumu Wajapani na kuwasifu Wamarekani. Ford Fusion haibridi ya mwaka 2013, sedani nzuri, iliuzwa Marekani ikiwa na kibandiko cha maili 47 kwa galoni, yaani kilomita 20 kwa lita, mjini na barabara kuu sawasawa. Wenye magari wakalalamika kwamba hawaipati. Mwaka 2014 Ford yenyewe ilikiri kwamba ilikosea katika kukadiria upinzani ambao gari hukutana nao barabarani, kadirio ambalo mashine ya maabara hulitegemea. Kibandiko kikashushwa hadi maili 42, karibu kilomita 18 kwa lita, na wenye magari wakalipwa fidia. Nakitaja kisa hiki kwa sababu hata tarakimu ya Wamarekani inaweza kukosea, na anayetaka ukweli apime mwenyewe, tangi baada ya tangi, badala ya kubishana.

Turudi kwa risiti za jirani yangu. Nilizitandaza mezani: shilingi 500, shilingi 1,000, shilingi 700, vituo vinne tofauti. Hakuwahi kujaza tangi hata mara moja. Hiyo "hata 20" yake ilikuwa ni makisio ya mtu aliyeumia, na sikumlaumu, maana ndivyo madereva wengi tunavyonunua mafuta, kwa kadiri ya pesa ya siku. Lakini kwa mtindo huo hakuna awezaye kujua kitu. Tukaenda pamoja kituoni, tukajaza mpaka pampu ikajikata yenyewe, tukaandika kilomita. Wiki mbili baadaye, kituo kilekile, pampu ileile: kilomita 612, lita 29.1. Nikamwachia agawanye mwenyewe kwenye simu yake. Ikatoka 21.

Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama inaweza kupanda. Inaweza, ila si hadi 33. Matairi yake yalikuwa na upepo pungufu, tukayajaza kama kibandiko cha mlangoni kinavyotaka. Pembeni mwa kiti cha nyuma kuna tundu la hewa ya kupozea betri. Lake lilikuwa limefunikwa na begi na kuzibwa na vumbi. Betri ikichemka, kompyuta huipunguzia kazi na kuipa injini, na mafuta huenda. Akitumia oili nyepesi iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari badala ya ile nzito ambayo mafundi wetu wamezoea kumimina, atapata kidogo zaidi. Dashibodi yake inamwonyesha wastani pia, lakini mara nyingi wastani huo huwa juu kidogo ya ukweli, kwa hiyo autumie kulinganisha wiki hii na iliyopita, asiutumie kuhesabu pesa.

Wengi huniuliza wanunue au waache. Ukiwa mtu wa mjini, teksi, foleni, Nyali hadi Changamwe mara sita kwa siku, nunua haibridi bila wasiwasi, mradi fundi anayeijua ameipima betri kwanza. Ukiona vipimo vya chaji kwenye skrini vinapanda na kushuka haraka haraka katika safari fupi, betri hiyo imechoka. Mwachie muuzaji gari lake. Ukiwa mtu wa safari ndefu, anayelala Nairobi leo na Mombasa kesho kwa mwendo wa 110, pesa unazoongeza ili upate haibridi zitachukua muda mrefu mno kurudi, na mimi nisingekushauri.

Na ukishanunua, nakuomba uanze daftari siku hiyohiyo: tarehe, kilomita, lita, tangi likijazwa mpaka pampu ijikate. Gari la miaka saba likitoka Japani halina historia yoyote mikononi mwako. Tarakimu zikianza kuteremka mwezi baada ya mwezi, njia ni ileile na mguu ni uleule, mara nyingi ni betri inayokupa taarifa kabla taa yoyote ya dashibodi haijawaka.