Leza ya macho: kabla ya kuuza kiwanja cha Zinga

Dada yangu anaishi Mbegani, karibu na chuo cha uvuvi, kilomita chache kusini mwa mji wa Bagamoyo. Miezi michache iliyopita alinipigia simu saa nne usiku, wakati ambao kwa kawaida ameshalala. "Kaka, nataka kuuza kile kiwanja cha Zinga. Mtoto anahitaji kupigwa leza ya macho."

Mtoto mwenyewe ni mpwa wangu wa miaka 20. Amevaa miwani tangu darasa la sita. Amemaliza masomo ya uvuvi na sasa anataka kusomea kazi ya sitahani kwenye meli za mizigo. Wenzake wamemwambia kwamba mwenye miwani hapokelewi. Siku hizo hizo likaingia tangazo la kliniki kwenye simu yake: agana na miwani maisha yako yote, dakika 15 tu. Mama yake akapiga hesabu ya macho mawili, nauli, chakula na mahali pa kulala, jibu likawa kiwanja.

Nilimwomba anipe wiki mbili.

Tulianza na swali la meli, maana ndilo lililokuwa linauza kiwanja. Mkataba wa kimataifa wa mafunzo na vyeti vya mabaharia, ule unaoitwa STCW, unataka mtu wa sitahani aone kwa kiwango cha 0.5 kwa kila jicho. Kiwango hicho kinapimwa akiwa na miwani yake au lenzi za kuvaa, na mwenye miwani anashauriwa awe na ya akiba melini. Kinachowaangusha wengi ni kipimo cha rangi, kwa sababu baharini lazima utofautishe taa nyekundu na ya kijani ya chombo kinachokuja. Kasoro ya kutotambua rangi haiondolewi na leza yoyote. Mpwa wangu alipimwa rangi akafaulu. Kwa hiyo habari ya wenzake haikuwa kweli, na nilidhani mjadala umekwisha.

Haukuwa umekwisha. "Mjomba, wewe hujawahi kuwa kwenye boti maji ya chumvi yakarukia miwani," aliniambia. Ni kweli, sijawahi. Haja yake ilikuwa ya haki hata kama sababu ya kwanza ilikuwa ya uongo, basi tukaenda Dar es Salaam kumwona daktari wa macho.

Sehemu ya mbele kabisa ya jicho ni kioo hai kinachoitwa konea. Kwa mtu asiyeona mbali, mwanga unakusanyika kabla ya kufika nyuma ya jicho, na leza huichonga konea iwe bapa kidogo ili mwanga ufike mahali pake. Leza hiyo inaitwa eksima. Mwaka 1981 mwanakemia Rangaswamy Srinivasan wa kampuni ya IBM huko Marekani aliijaribu kwa masalia ya bata mzinga wa sikukuu, akaona inaondoa nyama tabaka kwa tabaka bila kuunguza pembeni. Mwaka 1995 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaruhusu itumike kusahihisha macho ya watu. Tangu kwa bata mzinga hadi kwenye ruhusa hiyo ilipita miaka 14, na tangazo linazungumzia dakika 15.

Matangazo hupenda kusifu leza yenyewe, mpya ya aina fulani, ya kasi fulani. Daktari yule alitugeuzia maneno. Alisema mashine ya kuulizia kwanza ni ile inayopima, siyo inayochonga. Kuna ya kupima unene wa konea na kuna inayochora ramani ya umbo lake, mbele na nyuma. Kliniki isiyokuchorea ramani hiyo, au inayotaka kukupima na kukuchonga asubuhi hiyo hiyo, aliyotoa ushauri wake ni kuikimbia. Na anayevaa lenzi lazima aziache kwa muda kabla ya kupimwa, kwa sababu zinaikandamiza konea na kupotosha ramani.

Hesabu yake hata muuza samaki wa pale sokoni anaiweza. Konea ya watu wengi ina unene wa karibu mikroni 540, yaani nusu milimita na ushei. Katika njia inayoitwa LASIK, hukatwa kifuniko chembamba juu, kama mikroni 110, kinafunuliwa, leza inachonga chini yake, kisha kinarudishwa. Kila namba moja ya miwani inakula takriban mikroni 15. Chini ya kifuniko zinatakiwa zibaki angalau 250, na madaktari wengi wanapenda zibaki zaidi. Mpwa wangu ana konea ya 510 na namba 5.50. Toa 110, toa 83, zinabaki 317. Dada alinitazama kwa ushindi.

Kisha daktari akaomba karatasi ya miwani ya zamani. Miezi minane nyuma namba ilikuwa 4.75. Jicho bado linakimbia. Kanuni ya kawaida ni kwamba namba isibadilike zaidi ya nusu kwa mwaka mzima, la sivyo utachonga leo na kesho kutwa kijana anarudi dukani kununua miwani. Ramani nayo ilionyesha kwamba sehemu ya chini ya konea ya jicho la kulia imechongoka kuliko inavyotarajiwa. Daktari akamuuliza kama alikuwa anafikicha macho utotoni. Dada akacheka, akasema alikuwa anayafikicha mpaka yanavimba, kila msimu wa vumbi. Huo ni mzio wa macho, na kufikicha sana kunahusishwa na ugonjwa wa konea kulegea na kuchongoka. Konea ya namna hiyo ikichongwa inaweza kuvimba mbele, na mtu akaishia kuona vibaya hata akiwa na miwani. Hakusema kijana ana ugonjwa huo. Alisema asiguswe mpaka ramani irudiwe baada ya mwaka.

Mimi niliuliza habari za chumba, kwa kuwa sisi wa pwani tunaijua hewa yetu. Leza ya eksima inasumbuliwa na joto na unyevu. Chumba kinapaswa kuwa na vipimo vya vyote viwili, mashine ijaribiwe kabla ya kazi ya siku hiyo, na kuwe na umeme wa akiba unaoingia papo hapo. Muulize mhudumu akuonyeshe. Mwenye chumba kizuri hakasiriki.

Je, namba ingekuwa imetulia, angepata nini? Tusiikatishe tamaa jamii, leza hii inafanya kazi. Katika utafiti wa mamlaka ya dawa ya Marekani uliochapishwa mwaka 2017, zaidi ya asilimia 95 ya waliofanyiwa LASIK waliridhika na kuona kwao. Lakini utafiti huo huo uliwauliza watu ambao kabla hawakuwa na tatizo la duara za mwanga, mng'ao au kuona maruwiruwi. Miezi mitatu baadaye zaidi ya wanne katika kila kumi walikuwa na angalau tatizo moja jipya, na hadi asilimia 28 ya wale ambao macho yao hayakuwa makavu walianza kuyaona makavu. Wachache sana ndio waliosumbuliwa kiasi cha kushindwa shughuli zao. Kwa karani, duara kuzunguka taa si kitu. Kwa kijana wa zamu ya usiku anayesoma taa za vyombo gizani, ni jambo la kuulizia kwa makini. Na kwa kazi yenye kamba na vishindo, iko njia isiyo na kifuniko iitwayo PRK. Maumivu yake ya siku za mwanzo ni makali zaidi na kupona kunachelewa, lakini hakuna kifuniko cha kusogea jicho likigongwa.

Dada naye alikuwa na lake. Ana miaka 47, anasogeza simu mbali kama anayeifukuza. Alitaka kujua bei ya leza yake. Hilo ni jicho la umri: lenzi ya ndani imekakamaa, na kuichonga konea hakuilainishi. Utafiti uliofanywa Kongwa, Dodoma, ukachapishwa mwaka 2006, ulikuta hali hiyo kwa asilimia 61.7 ya watu wa miaka 40 na kuendelea. Dawa yake ni miwani ya kusomea, na alitoka pale nayo.

Halafu akauliza habari za baba yetu, mwenye presha ya macho, ambaye jicho moja limeshafifia. Hapa neno leza linachanganya familia nyingi, kwa sababu kuna leza nyingine kabisa kwa ugonjwa huo, na imejaribiwa hapa hapa nchini. Katika hospitali ya KCMC, Moshi, wagonjwa 201 waligawanywa, wengine wakapewa matone ya timolol na wengine leza iitwayo SLT. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021: baada ya mwaka mmoja leza ilifanikiwa kwa asilimia 61 ya macho, wakiwemo waliorudiwa mara ya pili, na matone kwa asilimia 31. Kufanikiwa maana yake presha ilishuka hadi kiwango kilichokusudiwa. Kuona kulikopotea hakurudi. Kwa mzee anayesahau matone, au anayekosa hela ya chupa inayofuata, hiyo ni nafuu kubwa, ilimradi asiahidiwe kwamba ataamka anasoma gazeti.

Dada alinyamaza muda mrefu kwenye basi la kurudi Bagamoyo. Tulipofika Kerege akaniuliza kama Moshi ni mbali sana kwa mzee.

Kiwanja bado kipo. Kijana amenunua miwani mbili na kamba ya shingoni, ameacha kufikicha macho, au angalau mama yake anasema ameacha. Ramani zake ziko kwenye bahasha kabatini pamoja na cheti cha kuzaliwa, na tarehe ya kurudi imeandikwa juu kwa kalamu nyekundu.