Damu ya mwanao ikishatolewa, inakwenda wapi?

Watafiti wanapofika kijijini au shuleni kuchukua damu, wazazi wengi huuliza swali moja kimoyomoyo: damu hii inakwenda wapi? Wengine hawaulizi, wanamficha mtoto tu. Hadithi za mumiani zimepita vizazi vingi Afrika Mashariki, na karatasi ya ridhaa yenye kurasa kadhaa haizifuti kwa siku moja.

Wilayani Kyela, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, swali hilo lina jibu linaloweza kufuatiliwa hatua kwa hatua. Damu iliyochukuliwa kwa wakazi wa huko kati ya mwaka 2006 na 2011 ilitoa majibu yaliyochapishwa mwaka 2016, na nyingine iliyobaki kwenye friza ikatoa majibu mengine mwaka 2023. Baadhi ya walioitoa walikuwa vijana wa rika la sekondari. Leo huenda nao ni wazazi.

Kyela ni bonde la joto na mvua nyingi. Mpunga, kakao na maji yaliyotuama viko karibu na nyumba, na mbu hawakosekani. Kwa miaka mingi wilaya hii ilijulikana kwa matende na mabusha. Ugonjwa huo huletwa na minyoo wembamba kama nyuzi wanaoenezwa na mbu, na hukaa kwenye mishipa ya limfu. Mara nyingi maambukizi huanza utotoni, lakini mguu au korodani huvimba baada ya miaka mingi. Ndiyo maana mtoto anayeonekana mzima kabisa hupimwa.

Mwaka 2006 Kituo cha Utafiti wa Tiba Mbeya, kilicho chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), kilianza utafiti mkubwa ulioitwa EMINI kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Munich cha Ujerumani. Watu wapatao 18,000 katika maeneo tisa ya mkoa wa Mbeya wa wakati huo walifuatiliwa mwaka hadi mwaka. Kyela ilikuwa mojawapo ya maeneo hayo.

Kilichopatikana Kyela kilishangaza. Watafiti wakiongozwa na Dkt Inge Kroidl walichambua taarifa za vijana na watu wazima 1,055 ambao mwanzoni hawakuwa na Virusi vya Ukimwi (VVU). Katika kipindi cha ufuatiliaji, 32 waliambukizwa VVU. Kwa kila watu 100 wenye minyoo ya matende waliofuatiliwa kwa mwaka mmoja, maambukizi mapya yalikuwa 1.91. Kwa wasio na minyoo yalikuwa 0.80. Hata baada ya kuzingatia umri, mwenendo wa ngono na mambo mengine, hatari ilibaki takriban mara mbili. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2016 katika jarida la The Lancet.

Hapa mzazi asielewe vibaya. Matende hayaleti Ukimwi, na mbu hasambazi VVU. Maelezo yanayochunguzwa ni kwamba minyoo inayokaa mwilini miaka mingi huufanya mfumo wa kinga uwe macho muda wote, na chembe za kinga zilizoamshwa ndizo VVU hupenda kuzivamia. Mtu mwenye mguu uliovimba hastahili kunyooshewa kidole kwa sababu ya takwimu hizi.

Lakini tofauti kati ya 1.91 na 0.80 ni ndogo kwa macho. Watu wachache tu wakiandikiwa majibu yasiyo yao, inaweza kuyeyuka au ikaonekana kubwa kuliko ilivyo. Kinachoilinda ni kazi ya maabara ambayo mzazi haioni.

Inaanzia kwenye chupa yenyewe. Ile yenye kifuniko cha zambarau ina dawa ya kuzuia damu isigande. Damu ikishaingia, mhudumu huipindua chupa taratibu mara kadhaa. Hatikisi, kwa sababu kutikisa huvunja chembe nyekundu na kuharibu kipimo. Kisha hubandikwa namba. Jina hubaki kwenye orodha nyingine inayofungiwa, ili anayepima asijue anampima mtoto wa nani. Chupa isiyo na namba haipimwi hata kama kila mtu chumbani anakumbuka ilitoka kwa nani, na kumbukumbu ya mtu ndiyo kitu ambacho maabara nzuri huiamini kidogo kuliko vyote.

Kutoka Kyela hadi Mbeya mjini ni safari ya zaidi ya kilomita 100, ukipanda kutoka joto la ziwani kupitia Tukuyu hadi kwenye baridi ya nyanda za juu. Sampuli inayosafiri hivyo huwekwa kwenye kasha la baridi, na joto la ndani huandikwa. Ikifika maabara, damu huzungushwa kwa kasi kwenye mashine hadi chembe zizame chini na majimaji yabaki juu. Majimaji hayo hugawanywa kwenye vichupa vidogo kadhaa, kwa sababu damu ikigandishwa, ikayeyushwa na kugandishwa tena mara nyingi, huharibika. Kinachohifadhiwa kwa muda mrefu hukaa kwenye friza ya nyuzi joto 80 chini ya sifuri. Umeme ukikatika, jenereta lazima iwake. Kwetu tunaojua kukatika kwa umeme, hilo si jambo dogo.

Siku ya kupima, sampuli za watu haziwekwi peke yake. Kwenye sahani yenye vishimo 96, vishimo kadhaa huwekewa sampuli inayojulikana kuwa na ugonjwa na nyingine inayojulikana kuwa haina. Ile yenye ugonjwa isipoonyesha rangi inayotakiwa, au isiyo nao ikionyesha, sahani nzima hutupwa na kazi huanza upya. Hakuna kuokoa majibu yanayoonekana yako sawa.

Jambo jingine linalowatia watu wasiwasi ni kupimwa usiku. Kipimo cha zamani cha matende hutafuta vijinyoo vichanga kwenye tone la damu kwa hadubini, na vijinyoo hivyo mchana hujificha kwenye mishipa ya ndani, hasa ya mapafu. Hutoka kwenye damu ya juu kati ya saa nne usiku na saa nane usiku, muda ambao mbu wanaowasambaza huuma. Daktari Patrick Manson aliyechunguza ugonjwa huu nchini China miaka ya 1870 ndiye aliyeonyesha kwamba vijinyoo hukua ndani ya mbu. Kwa hiyo mhudumu anayegonga hodi usiku wa manane na kisindano cha kidole anafuata ratiba ya mnyoo. Akipima saa nne asubuhi anaweza kumwambia mgonjwa kwamba ni mzima.

Shuleni mambo ni tofauti. Kipimo kinachotumika siku hizi kutathmini kama maambukizi yamekoma ni kijikaratasi kinachotafuta protini ambazo mnyoo mkubwa huzimwaga kwenye damu, na hizo huwepo usiku na mchana. Tathmini hii hulenga hasa watoto wa miaka sita na saba, kwa sababu mtoto aliyezaliwa au kukua wakati dawa zinagawiwa akikutwa na maambukizi, ni dalili kwamba bado yanaendelea. Damu inayohitajika ni mikrolita 75, matone mawili hivi ya kidoleni. Majibu husomwa dakika ya 10. Kijikaratasi kikiachwa mezani hadi baadaye, mstari wa pili unaweza kujitokeza wenyewe na kumpa mtoto ugonjwa asio nao. Mwalimu au mzazi anayekiokota nusu saa baadaye na kupiga kelele kwamba mtoto ameambukizwa anasoma kitu ambacho si jibu tena.

Sasa turudi kwenye friza. Utafiti wa mwanzo uliacha swali: je, hatari ya VVU inatokana na minyoo mikubwa au na vile vijinyoo vichanga vinavyozunguka kwenye damu? Majimaji yaliyogandishwa hayawezi tena kuonyesha vijinyoo hai kwa hadubini. Jonathan Mnkai na wenzake walichukua sampuli 350 zilizohifadhiwa za watu waliokuwa na minyoo ya matende, wakatafuta alama ya kijenetiki ya vijinyoo hivyo kwa kipimo cha PCR, kile kile kilichokuja kujulikana na kila mtu wakati wa Uviko-19. Sampuli 12 zilikuwa nayo. Katika miaka minne ya ufuatiliaji, watatu kati ya hao 12 walipata VVU. Kati ya 338 waliobaki, walioambukizwa ni 19.

Watatu ni wachache, na mtafiti makini hawezi kujenga hukumu nzito juu yao. Hata hivyo swali hilo lisingeweza hata kuulizwa kama sampuli zingeachwa kwenye joto au kubandikwa namba za kubahatisha.

Wakati huohuo Kyela yenyewe imebadilika. Kuanzia mwaka 2009 hadi 2015 wananchi walimezeshwa kingatiba ya ivermektini na albendazoli kila mwaka. Dawa hizo huua vijinyoo vichanga, lakini mnyoo mkubwa huishi miaka kadhaa, ndiyo sababu dozi moja haitoshi na majirani wanaorudi kugawa tena hawajakosea. Mwaka 2009 asilimia 35.1 ya vijana na watu wazima waliopimwa walikuwa na maambukizi. Mwaka 2019 ilikuwa asilimia 1.7, na kwa watoto wa miaka sita hadi tisa waliopimwa hakupatikana hata mmoja.

Haya yote hayamlazimishi mzazi kusema ndiyo. Mtoto hawezi kuingizwa kwenye utafiti bila ridhaa ya mzazi au mlezi, na mtoto mwenye umri wa kuelewa huulizwa naye. Kabla ya kusaini, muulize mtafiti: damu kiasi gani, ya kupima nini, na majibu nitapewa lini? Uliza pia swali ambalo wengi hulisahau: itakayobaki itahifadhiwa? Mara nyingi fomu huwa na sehemu yake ya kukubali au kukataa sampuli kuhifadhiwa kwa tafiti za baadaye, na mzazi anaweza kukubali mtoto apimwe leo akakataa damu kuwekwa. Ikiwa itapelekwa nje ya nchi, lazima kuwe na kibali na mkataba wa kuhamisha sampuli unaopitia NIMR. Omba uoneshwe cheti cha kamati ya maadili na uandike namba ya simu iliyo kwenye fomu.

Unaweza pia kujitoa katikati ya utafiti bila kutoa sababu. Huduma ya mtoto kwenye zahanati haibadiliki, wala zamu yake ya kingatiba.