Majeshi yanunua baruti kwa wingi: Simiyu ina nini cha kuuza?

Mfanyabiashara wa Bariadi mwenye shotgani ya kulinda ghala lake, na mkulima wa Dutwa anayepeleka pamba kwenye chama chake cha msingi, huenda hawajawahi kufikiri kwamba wapo katika soko moja. Wapo. Risasi ya yule wa kwanza hurushwa na baruti, baruti hiyo hutengenezwa kwa selulosi, na kwa zaidi ya miaka 100 selulosi inayosifiwa zaidi kwa kazi hiyo imekuwa ya pamba. Majeshi yanaponunua risasi kwa wingi, mmoja hupandishiwa bei. Swali ni kama mwenzake anapata chochote.

Tangu vita vya Ukraine vilipopamba moto Februari 2022, manunuzi ya majeshi ya Ulaya na Marekani yamekuwa makubwa kuliko viwanda vyao vilivyozoea. Machi 2023 Umoja wa Ulaya uliiahidi Ukraine makombora ya mizinga milioni moja katika miezi 12. Miezi hiyo ilipokwisha, takriban nusu tu ndiyo iliyokuwa imepelekwa. Marekani ilianza mwaka 2022 ikitengeneza makombora ya milimita 155 yapatayo 14,000 kwa mwezi, ikafikia karibu 40,000 kufikia mwisho wa 2024, na lengo lake lilikuwa 100,000. Chuma cha makombora kilipatikana. Kilichoanza kukwamisha kazi ni baruti.

Kwa nini baruti? Mzinga mmoja wa milimita 155 ukifyatua kombora kwa mwendo wake wa mbali kabisa huunguza zaidi ya kilo 10 za baruti kwa mpigo mmoja. Risasi moja ya shotgani hutumia gramu moja na nusu hivi. Kwa maneno mengine, baruti ya kombora moja ingetosha risasi za shotgani zaidi ya 6,600. Mahesabu hayo ni ya makadirio, kwani baruti za aina hizo mbili hazichanganywi kwa namna moja, lakini yanatosha kuonyesha nani anasikilizwa kwanza kiwandani.

Baruti ni pamba

Baruti isiyotoa moshi, ile inayotumika leo katika karibu kila risasi, ilipatikana Ufaransa mwaka 1884. Kiini chake ni nitroselulosi, yaani selulosi iliyopitishwa kwenye tindikali. Selulosi hiyo haitoki kwenye pamba nyuzi inayokwenda kwenye viwanda vya nguo. Hutoka kwenye manyoya mafupi yanayobaki yameng'ang'ania mbegu baada ya pamba kuchambuliwa. Katika biashara ya dunia manyoya hayo huitwa linta. Mkulima wa Simiyu anayajua vizuri, kwa sababu ndiyo yanayotofautisha mbegu ya manyoya na ile isiyo na manyoya wakati wa kupanda.

China ndiyo iliyokuwa ikiilisha Ulaya linta. Mwaka 2024 mkuu wa kampuni ya silaha ya Rheinmetall ya Ujerumani, Armin Papperger, alisema Ulaya inategemea China kwa zaidi ya asilimia 70 ya linta zake. Machi mwaka huohuo, Thierry Breton, aliyekuwa kamishna wa Umoja wa Ulaya wa soko la ndani, alilalamika hadharani kuwa shehena kutoka China zilikuwa zimesimama miezi michache kabla. Umoja huo ulikuwa tayari umetenga euro milioni 500 za kupanua viwanda vya risasi, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilielekezwa kwenye baruti na vilipuzi.

Raia waliliona jambo hili dukani. Mwanzoni mwa 2024 kampuni ya Vista Outdoor ya Marekani, iliyokuwa na baadhi ya majina makubwa ya risasi za uwindaji, iliwaarifu wateja kwamba bei zingepanda kuanzia Aprili 1, ikitaja uhaba wa baruti duniani. Na haikuishia kwa wawindaji. Nitroselulosi ni mali ghafi pia ya vanishi za samani, wino wa kuchapishia mifuko ya plastiki na rangi za kucha. Mwaka 2025 Rheinmetall ilitangaza kukinunua kiwanda cha Hagedorn, kilichokuwa kikitengeneza nitroselulosi kwa ajili ya matumizi ya kiraia kama hayo, kwa nia ya kukigeuza kihudumie baruti ya jeshi. Kiwanda cha namna hiyo kikihama, mwenye karakana ya samani hujikuta kwenye foleni moja na mwenye mzinga.

Hata hivyo si kila uhaba wa risasi madukani unatokana na serikali. Mwaka 2012 na 2013 Wamarekani wengi waliamini kuwa Wizara yao ya Usalama wa Ndani inafagia risasi zote sokoni, baada ya zabuni zilizotaja zaidi ya risasi bilioni moja kwa miaka kadhaa. Mkaguzi wa serikali alipochunguza na kutoa taarifa yake mwaka 2014, alikuta kwamba zilizonunuliwa kweli mwaka wa fedha wa 2013 zilikuwa milioni 84, na kwamba manunuzi yalikuwa yakishuka. Rafu zilikuwa zimekaushwa na raia wenyewe, kila mmoja akinunua za miaka mitatu kwa kuogopa jirani yake. Aliyewekeza akidhani serikali ndiyo inayonunua alikuwa anacheza na uvumi. Safari ya 2022 ni tofauti, kwa sababu upungufu ulianzia kwenye mali ghafi.

Hapa nyumbani

Tanzania ina Shirika la Mzinga la Morogoro, lililoanza miaka ya 1970 kwa msaada wa China na lililo chini ya wizara ya ulinzi. Kwa raia, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, inataka leseni ya silaha na kibali cha kununua risasi. Hakuna mtu wa Bariadi anayeweza kujaza stoo kwa kutabiri bei. Hilo linazuia ulanguzi, lakini pia linamaanisha kwamba mwenye shotgani hununua kidogo kidogo kwa bei ya siku hiyo, na risasi iliyotoka nje huja na bei ya nje.

Watumiaji mkoani si wengi, ila wana sababu zao. Wapo wenye maghala na viwanda vya kuchambua pamba, zipo kampuni za ulinzi, na upande wa Meatu na Itilima wapo waliopakana na Pori la Akiba la Maswa, ambako kuna uwindaji wa kitalii na ambako tembo hawaombi ruhusa kuingia shambani. Sungusungu walioanza Usukumani miaka ya 1980 walitegemea upinde na mshale, silaha ambayo kwa hakika haijawahi kungoja linta za China.

Fedha ya Simiyu haiko kwenye risasi bali kwenye mbegu. Mkoa huu, uliotengwa na Shinyanga mwaka 2012, ndio unaoongoza kwa pamba nchini. Chukua tani moja ya pamba mbegu iliyopimwa kwenye AMCOS. Ikichambuliwa hutoa pamba nyuzi kilo 350 hivi, na mbegu kilo 600 na kidogo. Mbegu hizo, zikinyolewa kwa mashine yenye misumeno ya duara, huweza kutoa kilo 5 hadi 9 za linta kwa kila kilo 100, yaani kilo 30 hadi 55 kwa ile tani tuliyoanza nayo.

Leo sehemu kubwa ya manyoya hayo haiuzwi kama linta. Viwanda vingi vidogo vya mafuta hukamua mbegu pamoja na manyoya yake, na manyoya huishia kwenye mashudu ya ng'ombe. Yasichanganywe na kazi ya kuandaa mbegu za kupanda, ambapo manyoya huondolewa kwa tindikali: huko yanaungua na hayauziki.

Je, mwenye mtaji mdogo anunue mashine ya kunyoa? Kabla ya kujibu, aangalie mambo ambayo wauza mashine hawayataji.

Linta inayotakiwa na viwanda vya baruti si ile inayotoka kwenye msumeno moja kwa moja. Hupendelewa mkato wa pili, kisha huchemshwa na kostiki kwa shinikizo na kupaushwa mpaka ibaki selulosi tupu. Hicho ni kiwanda cha kemikali chenye maji mengi na umeme usiokatika. Bariadi inaweza kuuza linta ghafi tu, na linta ghafi ndiyo sehemu yenye bei ndogo katika mnyororo wote.

Pili, mzigo. Msimu wa 2019/20 nchi ilivuna zaidi ya tani 340,000 za pamba mbegu. Msimu uliofuata zilishuka chini ya tani 130,000. Mnunuzi wa Ulaya anayetaka mkataba wa miaka mitano hapendi grafu ya namna hiyo. Bei nayo haitulii: bei elekezi ilikuwa Sh1,560 kwa kilo mwaka 2022 na Sh1,060 mwaka 2023, wakati uhaba wa baruti Ulaya ukizidi kukua. Vita havikumuongezea mkulima hata senti, kwa kuwa bei yake inafuata pamba nyuzi ya viwanda vya nguo, na mbegu ni nyongeza tu.

Tatu, miti. Agosti 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza, Uingereza iliitangaza pamba kuwa bidhaa haramu ya vita ili Ujerumani ikose baruti. Wajerumani waligeukia selulosi ya miti na mizinga yao ikaendelea kulia kwa miaka mitatu zaidi. Teknolojia hiyo ipo mpaka leo, na linta ikiwa ghali mno viwanda vya Ulaya vina misitu ya kugeukia.

Upo upande mmoja wa hesabu usiotegemea vita. Manyoya hunyonya mafuta wakati wa kukamua. Mbegu iliyonyolewa hutoa mafuta zaidi, haichoshi mashine, na mashudu yake yana nyuzinyuzi chache tumboni mwa ng'ombe. Mwenye kiwanda cha mafuta Bariadi au Maswa anaweza kupiga hesabu hiyo kwa bei za hapa hapa: lita ngapi zaidi kwa tani, mashudu kwa bei gani mnadani, umeme kiasi gani. Kama mashine inajilipa kwa mafuta peke yake, linta ni faida ya juu. Kama inajilipa tu endapo mtu wa Ulaya atanunua, basi huo ni mchezo wa kubahatisha, na waliokumbwa na msimu wa 2019, pale bei ilipotangazwa Sh1,200 kisha wanunuzi wakasuasua kulipa soko la dunia liliposhuka, wanajua unavyokwisha.

Anayetaka kujaribu kwa gharama ndogo aanze na sampuli. Kilo chache za linta kutoka kwenye mbegu ya UKM08 zikipimwa maabara, zitaonyesha kiasi cha selulosi, mafuta na takataka kilichomo, na mnunuzi yeyote wa kweli ataomba karatasi hiyo kabla ya kuzungumzia bei. Gharama ya kufikisha robota hadi reli ya Malampaka, na kutoka hapo hadi bandari ya Dar es Salaam, nayo ijulikane mapema. Linta ni nyepesi, na lori hujaa kabla halijafikia uzito linaolipiwa.