Midomo kubabuka: Hewa ya Mombasa inasingiziwa

Tatizo la midomo kukauka na kubabuka huwasumbua wakazi wengi wa kisiwa cha Mombasa, hasa upepo wa kaskazi unapovuma kati ya Desemba na Machi. Kinacholaumiwa kwanza ni upepo huo na jua kali la Pwani. Hata hivyo, maelezo hayo yana upungufu. Mombasa imezungukwa na bahari, na hewa yake huwa na unyevu mwingi karibu mwaka mzima, tofauti na baridi kavu ya nyanda za juu ambayo hupasua midomo waziwazi. Kwa hiyo mkazi wa Mji wa Kale ambaye midomo yake haiponi mwezi baada ya mwezi, afadhali achunguze kwanza ni kitu gani kinachoigusa kila siku.

Ngozi ya mdomo ni nyembamba mno ikilinganishwa na ya shavu au ya kiganja. Haina vinyweleo wala tezi za jasho, na mafuta ya asili yanayolainisha sehemu nyingine za uso ni haba mahali hapo. Mtu anapohisi mdomo umekauka huulamba. Mate huulowesha kwa dakika chache tu, kisha hukauka na kuondoka na unyevu wa ngozi yenyewe. Isitoshe, mate yana vimeng'enya vya kusaga chakula ambavyo huichokoza ngozi hiyo laini. Mdomo huzidi kukauka, naye mwenyewe huzidi kuulamba. Watoto wa shule ndio mabingwa wa mchezo huu, na wengi hutambulikana kwa duara jeusi lililouzunguka mdomo.

Baada ya mate huja vitafunwa na vitafunio. Katika vichochoro vya Mji wa Kale, tambuu haijatoweka. Ndani ya jani hutiwa popoo, katu na chokaa, na wengine huongeza tumbaku; huo ndio uraibu wa tangu zamani, kabla neno hilo halijapanuka na kuwa jina la kila aina ya mazoea mabaya. Chokaa huichoma ngozi ya mdomo kidogo kidogo. La kutisha zaidi ni popoo, ambayo shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani limeiorodhesha miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hata pasipo tumbaku. Miraa nayo, pamoja na muguka ambayo Serikali ya Kaunti ya Mombasa ilitoa amri ya kuipiga marufuku Mei 2024, hukausha kinywa.

Mkosaji mwingine, ambaye ni wachache wanaomdhania, ni embe. Utomvu ulio kwenye ganda na karibu na kikonyo huwadhuru baadhi ya watu: mdomo huwasha, huvimba, huota malengelenge, kisha hubabuka. Kwa kuwa dalili huweza kuchelewa siku 1 au 2, embe halishukiwi. Tunda lenyewe aghalabu halina kosa. Litosheke, limenywe kwa kisu na kukatwa vipande, badala ya kung'atwa na ganda lake. Pilipili na ndimu za mihogo inayouzwa ufuoni Mama Ngina si lazima zianzishe tatizo, lakini huchelewesha mpasuko kufunga. Rangi za midomo zenye manukato, na dawa za meno zenye ladha ya mdalasini au mnanaa, zinastahili kuchunguzwa pia. Njia ya kumjua mhalifu ni kuacha kitu kimoja kwa wiki 2 au 3 na kutazama matokeo.

Matunzo yenyewe si ghali. Mafuta mazito yasiyo na manukato, kama vaselini, yapakwe mara kadhaa kwa siku na kabla ya kulala. Mafuta ya nazi yanafaa, ila katika joto la Mombasa huwa mepesi na hutoka upesi. Asali husifiwa sana, lakini utamu wake humshawishi mtu kulamba. Magamba yasibanduliwe kwa meno wala kucha. Anayefunga Ramadhani anywe maji ya kutosha baina ya futari na daku. Krimu kali zenye steroidi zisinunuliwe bila ushauri wa daktari, kwani zinaweza kuleta upele kuuzunguka mdomo.

Dalili za hatari

Mipasuko inayobaki kwenye pembe za mdomo pekee ni jambo jingine. Huenda ikatokana na kuvu, upungufu wa madini ya chuma au vitamini B, au meno bandia yasiyokaa sawasawa. Kisukari pia huichochea. Mtu akianza dawa mpya, hususan za jamii ya salfa, kisha midomo ikafanya malengelenge na kubabuka huku macho yakiwa mekundu na ngozi ikiuma, aiache dawa hiyo na kukimbizwa hospitalini siku hiyo hiyo.

Kwa wavuvi na wengine wanaoshinda juani, mdomo wa chini ndio unaopokea mwanga mwingi. Ngozi nyeusi ina kinga fulani. Watu wenye ualbino hawana kinga hiyo, na kwao mdomo unaobabuka unaweza kuwa mwanzo wa saratani. Wanahitaji kofia pana na mafuta ya midomo yenye kinga ya jua ya namba 30 au zaidi. Nchini Kenya, Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu lina mpango wa kuwapatia mafuta ya kujikinga na jua.

Doa jeupe lenye kukwaruza, uvimbe mgumu, au kidonda kisichopona kwa wiki 3, hasa kwa mla tambuu au mvuta sigara, kionyeshwe kwa daktari wa meno au wa ngozi. Daktari anaweza kukata kipande kidogo baada ya kutia ganzi na kukipeleka maabara.