Utafiti wa Bagamoyo: Kwa Nini Alama Zikipanda Hazitoshi Kuwa Ushahidi

Mwaka 2002, jarida la kitaaluma la Intelligence lilichapisha matokeo ya utafiti wa saikolojia uliofanyika miongoni mwa wanafunzi wa shule za vijijini karibu na Bagamoyo, mkoani Pwani. Watafiti, wakiwamo Watanzania na Profesa Robert Sternberg wa Marekani, walitaka kujua iwapo mtihani wa mara moja unaweza kueleza uwezo wa mtoto wa kufikiri.

Watoto 358 walipewa majaribio yakiwamo kupanga kadi katika makundi na mchezo wa maswali ishirini, ambao mtoto hutakiwa kutambua kitu kinachokusudiwa kwa kuuliza maswali machache iwezekanavyo. Kisha walifundishwa kwa muda usiofika saa moja mbinu za kuyakabili majaribio hayo, wakapimwa tena. Alama zilipanda.

Hata hivyo, alama zinaweza kupanda bila mafunzo yoyote. Mtoto aliyekwisha kuufanya mtihani huurudia akiwa ameuzoea. Utafiti ukichukua miezi, mtoto hukua. Na shule ikianza kutoa chakula cha mchana katikati ya utafiti, mabadiliko hayo huchanganyika na ya mradi. Wakichaguliwa waliofanya vibaya kuliko wote, baadhi yao watapanda tu, kwa sababu siku ya kwanza walikuwa wagonjwa au na njaa. Wataalamu Donald Campbell na Julian Stanley waliyaainisha mambo ya namna hii mwaka 1963 kuwa ndiyo yanayodhoofisha uhalali wa jaribio.

Kinga yake ni kundi la ulinganisho. Huko Bagamoyo, watoto wengine walipimwa mara mbili pasipo kufundishwa, hivyo mazoea ya mtihani yaliwagusa wao pia. Waliofundishwa walipanda zaidi yao, na ziada hiyo ndiyo inayoweza kuhesabiwa kuwa tunda la mafunzo.

Lililo zito zaidi ni hili: katika kundi lisilofundishwa, mpangilio wa watoto kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho ulibaki karibu vilevile. Kwa waliofundishwa, ulibadilika sana. Mtoto ambaye mtihani wa kwanza ulimweka mkiani huenda alikosa tu mtu wa kumwelekeza.

Kundi la ulinganisho nalo lina masharti. Mgawanyo ulio salama ni wa kura. Mwalimu akiachiwa kuchagua, huenda akawapeleka wanafunzi hodari kwenye mafunzo kwa nia njema kabisa. Aidha, matokeo ya vijiji hivyo hayawezi kuhamishiwa moja kwa moja kwa watoto wa Kariakoo au Kigoma.

Wapo pia wanaoacha shule kabla ya kupimwa mara ya pili. Wakiwa wengi wao ni wale wa alama za chini, wastani wa waliobaki hupanda, ingawa hakuna hata mtoto mmoja aliyejifunza jambo jipya.