Usimnyime Mtoto Maji kwa Kuogopa Choo

UKISAFIRI kwa basi kutoka Nairobi kwenda Mombasa, hutakosa kumwona mama akimnyang'anya mtoto chupa ya maji. "Wacha kunywa, utataka kukojoa na gari halisimami!" Mtoto hunyamaza na mama hudhani mambo yamekwisha.

Wengi huamini kwamba maji yakitoka tumboni huteremka moja kwa moja hadi kwenye kibofu. Sivyo. Maji hufyonzwa na utumbo yakaingia katika damu, na damu hiyo ndiyo inayochujwa na figo. Kwa hivyo hata asiyekunywa kitu bado atakojoa, maana uchafu wa mwili lazima utoke.

Figo ni mbili, kila moja kubwa kama ngumi, nazo zimekaa nyuma ya tumbo, chini ya mbavu. Ndani ya kila moja mna vichujio vipatavyo milioni moja, visivyoonekana kwa macho. Kwa siku, figo za mtu mzima huchuja takriban lita 180 za maji kutoka kwa damu. Yote yakitoka, msomaji, tungehamia chooni na godoro! Lakini karibu yote hurudishwa mwilini pamoja na sukari na chumvi inayohitajika. Lita moja na nusu hivi inayobaki, ikiwa imebeba uchafu, ndiyo mkojo.

Mkojo hushuka kwa mirija miwili hadi kwenye kibofu, mfuko wa misuli unaoweza kubeba kiasi cha pakiti ya maziwa ya nusu lita. Kabla haujajaa, mishipa ya fahamu hupasha ubongo habari.

Sasa mrudie yule mtoto. Figo zikikosa maji hurudisha mwilini yote ziwezayo, na mkojo hutoka mchache, mzito, wenye rangi kama ya chai kavu. Katika mkojo wa namna hiyo chumvi huweza kuganda ikawa vijiwe, na maumivu yake hayasimuliki. Tena viini visipooshwa na mkojo hupata nafasi ya kuzaana. Wasichana ndio huumia zaidi kwa kuwa njia yao ya mkojo ni fupi, kama sentimita 4 tu.

Wazazi, waulizeni binti zenu. Wako wasiogusa maji tangu asubuhi kwa sababu vyoo vya shule vinanuka, wakarudi jioni wakikimbilia choo cha nyumbani hata kabla ya kuvua sare.

Mkojo ukichoma au ukiandamana na homa, nendeni hospitali. Mtoto aliyetoka likizoni Kwale, akacheza kwenye vidimbwi, kisha akakojoa damu, huenda ameshikwa na kichocho, na vidonge vyake vipo.

Na kuhusu basi, mengi husimama Mtito Andei, karibu nusu ya safari. Mpe mtoto maji kidogo kidogo, na mkifika hapo mteremshe hata akisema hajabanwa.